Karatasi Mbili za PTH, Damu ya Mtu Mmoja

Nyumba yenye mgonjwa anayesafishwa damu hujaa karatasi za maabara. Kuna za himoglobini, za potasiamu, za kalsiamu na za fosforasi. Nyingi kati ya hizo unaweza kuzilinganisha bila wasiwasi, hata kama moja imetoka maabara ya hapa Malindi na nyingine imetoka Mombasa. Potasiamu ya 7 ni ya kutisha popote ilipopimwa. Karatasi ya PTH, yaani homoni ya parathiroidi, haikubali kutendewa hivyo, na ndiyo ambayo daktari huitazama anapoamua dawa za mifupa za miezi ijayo. Nimeona watu wakifurahi na wengine wakihuzunika kwa kulinganisha nambari mbili za PTH ambazo hazikutoka kwenye kipimo cha aina moja. Jambo hili linaniuma, na nataka nilieleze taratibu.

Kazi yangu ni ya maabara. Tunapima malaria, sukari, mkojo na damu ya jumla. PTH hatuipimi kwetu; tunatoa damu, tunaitenganisha, kisha tunaituma. Na nina ami yangu, mdogo wake baba, ambaye figo zake zimechoka na huenda kwenye mashine mara mbili kwa wiki. Mashine inalipiwa na SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. PTH yake tunaichangia sisi wenyewe katika familia, kwa hiyo kila karatasi inayorudi husomwa na watu wengi.

Karatasi ya kwanza ilisema 612. Kiwango cha kawaida kilichochapwa pembeni kilikuwa 15 hadi 65. Daktari wa figo akamwanzishia alfakalsidoli, dawa ya aina ya vitamini D inayoshusha PTH, akamkanya kuhusu fosforasi, akaagiza PTH irudiwe baada ya miezi kadhaa. Muda ulipofika, ami alikuwa Mombasa kwa binti yake, akapimwa huko huko katika maabara nyingine. Jibu likawa 331. Akanipigia simu jioni ile ile.

"Salaam aleikum, mwanangu. Imeshuka nusu, alhamdulillahi."

"Waaleikum salaam, ami. Alhamdulillahi. Nitumie picha ya karatasi yote, mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo."

Akanitumia. Juu iliandikwa 331. Chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa "PTH 1-84", na kiwango cha kawaida kilikuwa 15 hadi 57. Karatasi ya zamani ilikuwa imeandikwa "Intact PTH". Nikamwomba ami asiguse kipimo cha dawa hata tone moja mpaka amwone daktari wake. Palepale kwenye kliniki ya Mombasa alikuwa ameshaambiwa kwamba huenda dawa ikapunguzwa.

Kwanza niseme kwa nini homoni hii hupanda kwa wagonjwa wa figo. Nyuma ya tezi ya thiroidi, shingoni, kuna vitezi vinne vidogo sana. Kazi yao ni kulinda kalsiamu ya damu isishuke. Figo nzima husaidia kwa njia mbili: hutoa fosforasi iliyozidi kupitia mkojo, na huibadilisha vitamini D kuwa katika hali yake inayofanya kazi. Figo zikichoka, fosforasi hubaki mwilini, vitamini D iliyo tayari hupungua, kalsiamu huelekea kushuka, na vile vitezi husukumwa kutoa PTH mchana na usiku. PTH ikizidi kwa muda mrefu, kalsiamu huchotwa kwenye mifupa. Mifupa huuma na kudhoofika, ngozi huwasha, na mishipa ya damu huanza kujengeka chokaa. Lakini ukiikandamiza kupita kiasi kwa dawa, mfupa nao hulala, haujijengi upya inavyotakiwa. Ndiyo maana nambari hii ina hatari pande zote mbili, na kosa la kusoma karatasi linaweza kumfanya mtu aongezewe dawa asiyoihitaji au apunguziwe anayoihitaji.

Sasa kiini chenyewe. PTH ni protini yenye asidi amino 84 zilizoungana kwa mfuatano, na ncha ya mwanzo ndiyo inayofanya kazi kwenye mfupa na figo. Ikitolewa na tezi, homoni nzima hukaa kwenye damu dakika chache tu kabla ya kukatwakatwa. Vipande vinavyobaki, hasa vya upande wa mkia, huondolewa kwa sehemu kubwa na figo. Kwa mtu mwenye figo nzima vipande hivyo havisumbui sana. Kwa mgonjwa wa figo havina pa kutokea, vinarundikana. Kwa hiyo swali la kila kipimo cha PTH ni hili: unahesabu homoni nzima peke yake, au unahesabu na vipande?

Kipimo cha kwanza kabisa cha PTH kilitangazwa mwaka 1963, na nyuma yake walikuwapo Solomon Berson na Rosalyn Yalow wa Marekani, wale waliogundua njia ya kupima homoni kwa kingamwili (protini inayoshika kitu kimoja maalumu) na mnururisho. Yalow alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Vipimo vya kizazi hicho vilitumia kingamwili moja, iliyoshika popote ilipopaona panafaa, mara nyingi katikati au mkiani. Vipande vyote vikahesabiwa. Kwa mgonjwa wa figo nambari ilikuwa ikipaa bila kiasi.

Mwaka 1987 kikaja kizazi cha pili, chenye kingamwili mbili. Moja hushika mkia, nyingine hushika upande wa kichwa, na kinachohesabiwa ni kile tu kilichoshikwa pande zote mbili. Watu wakaamini sasa inapimwa homoni nzima. Katika miaka ya 1990 ikabainika kwamba si hivyo kabisa. Ile kingamwili ya kichwani, katika vipimo vingi, haishiki ncha yenyewe. Hushika mbele kidogo. Chukua uzi wa shanga 84, ukate shanga sita za mwanzo: kingamwili hiyo bado itaushika na kuuhesabu kuwa mzima. Kipande hicho kinachoanzia ya 7 hadi ya 84 kipo kwa wingi kwenye damu ya wagonjwa wa figo, na majaribio kwa wanyama yalionyesha kwamba si kwamba hakifanyi kazi ya PTH tu, bali huenda kikaipinga.

Karibu na mwaka 1999 kikatoka kizazi cha tatu, ambacho kingamwili yake hushika asidi amino za mwanzo kabisa. Kipande kilichokatwa kichwa hakihesabiwi. Kwa mgonjwa anayesafishwa damu, kipimo hiki mara nyingi hutoa nambari iliyo chini kwa asilimia 40 hadi 50 kuliko kile cha kizazi cha pili, kwa damu ile ile, saa ile ile. Rudi kwenye karatasi za ami: 612 ya kizazi cha pili, 331 ya kizazi cha tatu. Ndiyo ile nusu iliyotufurahisha.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kizazi cha tatu ni kibaya au cha pili ni kibaya. Vyote viwili vinatumika duniani, na sehemu kubwa ya utafiti uliojenga miongozo ya matibabu ulitumia kizazi cha pili. Ninachosema ni kwamba ukianza safari na kimoja, usipime mwendo kwa kingine.

Na hata ndani ya kizazi cha pili chenyewe mambo si shwari. Mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa walichapisha ulinganisho wa vipimo 15 vya kibiashara, vingi vya kizazi cha pili na vichache vya cha tatu, kwa kutumia damu ya wagonjwa wa dayalisisi, yaani wanaosafishwa damu. Pale ambapo kipimo kimoja cha rejea kilisoma 300, vingine vilisoma kuanzia 160 mpaka 638. Soma tena hiyo sentensi. Damu ni moja, na mmoja angeambiwa aongezewe dawa na mwingine aambiwe apunguziwe, kwa kutegemea mashine iliyoko kwenye maabara aliyoingia asubuhi ile.

Uzito wa jambo hilo unaonekana ukikumbuka mwongozo wa Marekani wa KDOQI wa mwaka 2003, uliosema PTH ya mtu wa dayalisisi iwe kati ya 150 na 300. Nambari hizo zilitokana na kipimo kimoja mahsusi, ambacho leo hakiko tena sokoni. Lakini nambari zenyewe zilisambaa na kukaririwa kila mahali, na mpaka leo utasikia mtu akisema "lazima uwe chini ya 300" bila kuuliza imepimwa na nini. Mwaka 2009 mwongozo wa kimataifa wa KDIGO ukabadilisha njia: badala ya nambari kavu, ukashauri PTH ya mgonjwa wa dayalisisi iwe takriban mara 2 hadi mara 9 ya kikomo cha juu cha kawaida cha kipimo kilichotumika. Marekebisho ya 2017 yaliuacha ushauri huo. Kwa wale ambao figo zimepungua nguvu lakini bado hawajafika kwenye mashine, haukuweka kiwango. Uliwataka madaktari watazame kama PTH inapanda na kuendelea kupanda.

Mimi hupenda njia ya mara 2 hadi 9, maana mtu yeyote mwenye simu anaweza kuifanyia hesabu. Gawa jibu lako kwa kikomo cha juu kilichochapwa kwenye karatasi. 612 gawa kwa 65 ni kama 9.4, yaani imevuka. Lakini 331 gawa kwa 57 ni 5.8, imo ndani. Kwa hiyo hata hesabu hii haikutosha kumwokoa ami na ule mkanganyiko! Sababu ni kwamba kikomo cha juu kimepatikana kwa kupima watu wenye figo nzima, ambao hawana vipande vingi. Kwao kizazi cha pili na cha tatu havipishani sana. Tofauti kubwa hujitokeza kwa wagonjwa. Isitoshe, kikomo chenyewe kinategemea ni watu gani waliopimwa: kampuni ikijumuisha watu wenye upungufu wa vitamini D, kikomo hupanda, ikiwatoa, hushuka. Gawanya, ndiyo, lakini usitumie mgawanyo kuunganisha maabara mbili.

Kuna na habari ya damu yenyewe kabla haijafika kwenye mashine, na hapa ndipo sisi wa Malindi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi ya watu wa miji mikubwa. PTH huharibika. Ikiharibika, nambari hushuka, na mtu akadhani amepona. Chupa inayofaa zaidi ni ile ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, ambayo huilinda homoni kwa muda mrefu kuliko seramu, yaani majimaji ya damu iliyoachwa igande. Plazima yake, yaani majimaji ya damu isiyoganda, ikitenganishwa ndani ya saa 24 na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 4, huweza kupimwa ndani ya saa 72. Seramu haina subira hiyo kwenye joto la chumba. Inataka kutenganishwa na kupimwa ndani ya saa chache. Na joto la chumba linaloandikwa vitabuni ni la nyuzi 20 hadi 25. Chumba chetu mwezi wa Februari, stima ikipotea, si chumba hicho.

Hebu niwaonyeshe ninavyofanya. Natoa chupa mbili. Ya zambarau ni ya PTH. Naigeuza juu chini taratibu mara kadhaa, siitikisi, kisha naiingiza kwenye mashine ya kuzungusha. Plazima ikijitenga juu, ya manjano, naivuta kwa kipipeti bila kugusa tabaka la chini, naitia kwenye kichupa kidogo chenye jina, tarehe na saa, kisha kwenye friji. Chupa ya pili, isiyo na EDTA, ni ya kalsiamu na fosforasi. Ukipima kalsiamu kwenye ile ya zambarau utapata jibu la chini kupindukia, maana EDTA huishika kalsiamu na kuificha. Kisha vichupa vinaingia kwenye kikasha chenye mabarafu, vinapandishwa matatu ya Mombasa, vinapita Gede, Kilifi na Mtwapa, vinapokelewa na mtu wa bodaboda anayevisubiri. Kikasha kikiachwa juani kituoni nusu saa, hakuna mashine ya kizazi chochote itakayorudisha kilichopotea.

Saa ya kutoa damu nayo ina neno. PTH hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na mashine ya dayalisisi yenyewe huibadilisha kwa sababu hubadilisha kalsiamu. Kwa hiyo itolewe kabla ya kuanza mashine, ikiwezekana siku ile ile ya wiki na saa ile ile. Damu iliyovutwa kwenye mpira wa shingoni inaweza kupishana na iliyovutwa mkononi. Chagua njia moja ukae nayo.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni bayotini. Vidonge vya nywele na kucha vimejaa madukani, na vingi vina bayotini kwa wingi mkubwa. Vipimo vingine vya PTH hutumia bayotini ndani ya utaratibu wao wa kushika homoni, na ikizidi kwenye damu, jibu hutoka chini kuliko ukweli. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu bayotini na vipimo vya maabara mwaka 2017. Mgonjwa wa figo yuko hatarini zaidi, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa. Kina mama wa dayalisisi, mkiwa mnatumia vidonge hivyo, tafadhalini mwambieni daktari kabla ya kupimwa.

Vizio vya kupimia navyo vitazame. Karatasi nyingi za kwetu huandika pikogramu kwa mililita. Nyingine, hasa za ng'ambo, huandika pikomoli kwa lita, ambapo 1 ni kama 9.4 ya zile zetu. Jirani aliyetoka kupimwa nje akikuambia yake ni 40, usimwonee wivu kabla hujajua ni 40 ya nini.

Ami alimwona daktari wake na karatasi zote mbili mkononi. Nilimwandikia kwa kalamu juu ya kila moja aina ya kipimo, aina ya chupa na saa. Daktari alizitazama kwa muda, akasema hatabadilisha dawa kwa karatasi ya Mombasa, akaagiza irudiwe kwenye maabara ile ya mwanzo, kabla ya mashine, pamoja na kalsiamu, fosforasi na alkalini fosfatezi, ambayo hutoa dalili ya mfupa unavyofanya kazi. PTH ikarudi 588. Haikuwa imeshuka nusu. Hata huwezi kusema imeshuka, kwa sababu PTH ya mtu wa dayalisisi huweza kuyumba kwa kiasi cha robo bila chochote kubadilika mwilini. Fosforasi ndiyo iliyokuwa bado juu.

Hapo mazungumzo yakahamia jikoni, kwa dagaa, maharagwe, chai ya maziwa aliyoizoea tangu utoto, na soda nyeusi anayonunua akitoka msikitini. Ami alihuzunika, sitaficha. Alikuwa ameshawaambia watu habari njema. Lakini alisema jambo ambalo limebaki nami: "Bora nijue niko wapi, mwanangu. Kule Mombasa niliambiwa nimefika, kumbe bado niko njiani."

KDIGO inashauri PTH ipimwe kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa mtu wa dayalisisi. Kwa familia inayochangishana, hizo si pesa ndogo, na kipimo kisicholinganishika na kilichotangulia ni pesa iliyomwagwa. Hivyo ukiweza, baki na maabara moja. Ukilazimika kuhama, muombe daktari afikirie kupima kwenye maabara zote mbili siku moja, kwa damu iliyotolewa mara moja, ili nambari mpya ipate pa kuanzia. Na kabla ya kufurahia au kulia, tazama karatasi tatu au nne zilizopangwa kwa tarehe; moja peke yake haisemi mengi.

Kwa wenzangu wa maabara nina ombi moja, na ninalisema kwa heshima. Mwongozo wa KDIGO wenyewe unazitaka maabara ziwajulishe madaktari aina ya kipimo cha PTH, mabadiliko yoyote ya njia, na kama iliyopimwa ni seramu au plazima. Tuandike hayo kwenye karatasi ya mgonjwa, kwa herufi zinazosomeka. Tukinunua mashine mpya, tuandike tarehe tuliyobadilisha. Kwetu, kila kichupa tunachokituma sasa kinaambatana na kijikaratasi chenye saa ya kutoa damu, aina ya chupa na kama mgonjwa alikuwa hajaanza mashine. Maabara ya Mombasa tunayotumia imekubali kuturudishia jina la kipimo na kizazi chake kwenye kila jibu. Ile nyingine, iliyompima ami, niliipigia simu na nikawaandikia. Walinipokea vizuri, wakasema watalifikisha kwa mkubwa wao. Nitawapigia tena wiki ijayo.